Sauti ya Kupara Sato

Parrr, parrr, parrr: hivyo ndivyo kulivyokucha kwetu Igogo. Mama alikaa kwenye kigoda uani akipara sato wa kukaanga, na magamba yalirukia ukutani, kwenye nywele zangu, mara nyingine hata ndani ya uji. Nyuma ya uzio ziwa lilipigapiga mawe kwa uvivu, na ndege waligombania matumbo ya samaki kwa kelele zisizo na haya. Wenzangu waliona kero tupu. Mimi niliona muziki, na nakubali nilikuwa mtoto wa ajabu kidogo.

Mwaka ule Mwalimu Sabina, aliyetufundisha muziki shuleni, alitutaka tutunge kitu chetu wenyewe cha kupiga siku ya wazazi. Nikatunga. Marimba ikawa mawimbi, filimbi mbili, moja yangu, zikawa ndege, na rafiki yangu Kulwa akapewa chupa ya soda yenye mikunjo aikwaruze kwa kijiko. Huyo ndiye alikuwa Mama. Sikumwambia hilo, nilimwambia tu kwamba hatutaimba. Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Sasa mwanangu, bila maneno mtu atajuaje mnasema nini?" Hakuwa na nia mbaya, lakini iliniuma. Tangu hapo sikujali tena zawadi wala makofi. Nilitaka kitu kimoja tu: Mama ajisikie mwenyewe mle ndani, bila kuambiwa na mtu.

Alikuja, kajifunga kitenge kipya, akakaa safu ya nyuma kabisa. Tukaanza. Marimba ikaenda vizuri, filimbi zikaitana, na wazazi wakaanza kutazamana. Mzee mmoja wa mbele akauliza bila kupunguza sauti, "Mbona hawaimbi? Au spika imeharibika?" Uso uliniwaka. Kulwa akaingia na chupa yake, safi kabisa, kisha macho ya watu yakamtisha na akaanza kukimbiza kijiko. Nikamtolea macho juu ya filimbi apunguze. Wapi! Ndipo sauti ikatoka kule nyuma: "Taratibu wewe, utajikata kidole!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama akajiziba mdomo kwa kitenge, ameona aibu mpaka basi. Jirani yetu aliyekaa pembeni yake akapiga kigelegele, maana naye sasa alikuwa anamsikia samaki. Mimi nilishindwa hata kupuliza. Midomo ilikuwa inacheka yenyewe.

Siku hizi natungia kundi la watu wazima, wenye fidla, marimba na zeze, na tunapiga kwenye kumbi za mjini ambako wasikilizaji wanajua kukaa kimya. Wanangoja mpaka mwisho, wanapiga makofi, kisha wananishika mkono na kuniambia kazi ni nzuri sana. Nafurahi, kweli nafurahi. Lakini kila onyesho nachungulia safu za nyuma, nikiomba apatikane walau mtu mmoja wa kusahau adabu zake.