Ushahidi wa Hina ya Mwatime

Mwatime nampenda, lakini kuna siku nusura nimnyonge. Tulikuwa chumbani kwetu mtaa wa Malaz, hapa Riyadh, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, na wakili Wesley, Mkenya mwenzetu, anatutazama kutoka Texas. Alikuwa anamwandalia ombi la kuhamia Amerika kama msanii mwenye kipaji cha ajabu, na serikali ya huko haikubali maneno matupu, inataka ushahidi.

"Mama Mwatime, kazi zako zimetundikwa wapi?"

"Hazikutundikwa, mwanangu. Zimeoshwa."

Wesley akaguna. Je, amewahi kupata tuzo? Hapana. Ameandikwa gazetini? Astaghfirullahi, kwani ameiba? "Basi wewe mwenyewe unasemaje kuhusu kazi yako?" Na Mwatime, ambaye mabibi harusi wa Riyadh wanagombana kwa ajili yake, akainamisha kichwa akasema, "Nabahatisha tu." Aki nilitamani kuitupa ile simu dirishani, pamoja naye.

Mwatime ni mtu wa Msambweni. Alikuja Riyadh kufanya kazi za nyumbani mtaa wa Al-Malqa, kwa Madam Hessa. Sikukuu moja akawapaka hina wasichana wa mle ndani, na tangu hapo ufagio haukumwona tena. Siku hizi yuko saluni ya wanawake hapa Malaz. Lakini ikama yake, ile karatasi ya kuishi huku, bado iko mkononi mwa mtu: kafili aliyemdhamini akiamka vibaya, yeye anafunga virago. "Kemunto," aliniambia, "nimechoka kuishi kwa hisani. Kabla sijazeeka nataka nikae mahali kwa sababu ya mikono yangu." Akalia. Hapo ndipo nilipojitwika kumsaidia, mimi nesi wa kliniki ya meno, nisiyejua hata kuchora paka.

Tukaomba barua za wateja na waajiri. Zikaja nyingi, mashallah. Shida ni kwamba huku barua ya kumsifu mfanyakazi ina mtindo wake, na hakuna anayejua mwingine. "Ni msafi. Haibi. Hajibizani. Hashindi kwenye simu." Mwenye saluni aliandika kwamba Mwatime hali chakula kingi. Mteja mmoja akathibitisha kuwa dhahabu yake yote ipo. Wesley alizisoma zote, kisha akauliza polepole kama tunamwombea msanii au mlinzi wa benki.

Tukasema basi, picha. Mwatime akaitwa Jeddah kumpaka bibi harusi, nikaenda naye kama msaidizi wa kukoroga. Alichokichora pale, jamani, sina maneno. Maua yalipanda kutoka vidoleni mpaka viwikoni, na ukiyatazama unaona kabisa bado yanaota. Lakini kwenye sherehe za wanawake huku, simu hukusanywa mlangoni. Nikamnong'oneza mama wa bibi harusi anikubalie picha moja tu, mikono peke yake, uso hapana. Yule mama akamfunika binti mikono kwa shela kana kwamba nimetoa kisu.

"Mafi picha! Hakuna! Unataka mwanangu apigwe kijicho?"

Mwatime akanifinya. "Ana haki yake. Mkono wa bibi harusi ni amana." Nilinuna mpaka Riyadh.

Akabaki Madam Hessa, aliyeijua kazi yake tangu mwanzo. Tukaenda Al-Malqa. Kusikia tu neno Amerika, kikombe chake kikagonga kisahani. "Kipaji? Kipaji gani? Huyu anachora kama watu wote. Halas." Na Mwatime anatabasamu, eti ndiyo madam! Mimi nilitaka kupasuka. Nikiwa mlangoni navaa viatu, Madam akaniita. "Nipe anwani ya huyo wakili. Nitawaandikia hao Wamarekani mimi mwenyewe." Nikampa. Ndani ya teksi nikamwambia Mwatime, "Kwisha habari yetu."

Barua ikamfikia Wesley kwa Kiarabu. Akaitafutia mtafsiri, halafu akatupigia, anacheka mpaka kusoma kunamshinda.

"Sikilizeni. 'Kwa serikali ya Amerika. Mwanamke huyu msimchukue. Harusi ya binti yangu Reem niliiahirisha, ukumbi ukiwa umeshalipiwa, kwa sababu yeye alikuwa likizo kwao. Dada yangu wa Jeddah amenigomea mpaka leo kwa kuwa nilikataa kumwazima. Nimeleta mabingwa wa hina kutoka India na Sudan, nikawarudisha walikotoka. Hakuna mwenye mkono kama wake, na mimi nimetafuta. Tafuteni wenu.'"

Mwatime akasema, "Rudia hapo pa mkono." Wesley akarudia. Mwatime akaangua kilio, mama mzima, kanga mdomoni. "Miaka yote ile, Kemunto! Kila nikimaliza ananiambia halas, inatosha! Kumbe anajua!" Na mimi nikalia, ingawa nilikuwa bado nimemkasirikia Madam.

"Hii ndiyo barua niliyokuwa naitafuta," Wesley akasema. "Niitume?"

"Itume, mwanangu."

Kibali cha Amerika kilitoka. Mwatime akataka kwenda kuaga Al-Malqa, nikamsindikiza nikiwa tayari kwa vita. Madam alitufungulia mwenyewe, macho mekundu. Alikuwa ameshasikia. Hongera hakutoa, wala hakumtazama Mwatime usoni. Alikaa, akakunja mikono ya gauni, akanyoosha vitanga vyote viwili. Mwatime akampaka, wote wawili wakivuta kamasi. Hina ilipoanza kukauka ndipo Madam akafungua mdomo.

"Huko unakokwenda," akasema, "kuna hoteli nzuri? Mdogo wake Reem anaolewa mwakani."