Bi Usicheke na Mtu wa Kati ya Kurasa

Shangazi yangu ni mpiga picha za pasipoti, na mtaa mzima unamwita Bi Usicheke. Ndilo neno analolisema mara arobaini kwa siku. Ukikaa kwenye kile kiti chake mbele ya shuka jeupe, hata uwe umetoka kushinda bahati nasibu, picha itatoka na uso wa mtu aliyeitwa kutambua maiti.

Kazi hiyo ikamzalia nyingine asiyoiomba. Mtu akipotea, ndugu wanakumbuka kwamba picha yake ya karibuni iko kwa Bi Usicheke. Walivyozidi kuja, akafungua blogu: kila aliyepotea na tangazo lake, picha, umri, mahali alipoonekana mara ya mwisho, na simu ya studio. Matangazo arobaini na saba, kumi kila ukurasa. Sura zote zinakutazama machoni, hakuna hata moja inayocheka. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, huzipitia zote ukurasa kwa ukurasa. "Hamjambo humo," anaziambia.

Mumewe yumo humo. Alitoka kununua balbu, miaka sita iliyopita.

Mwezi jana shangazi akaniita, maana blogu niliitengeneza mimi. "Baba, nataka watoto na wagonjwa watangulie mbele. Hawa wengine wamezoea kusubiri."

"Na mumeo nimtie alama naye atangulie?"

"Yule ni mtu mzima na akili zake. Nikimpendelea, mama wa mtoto aliyepotea jana nitamwambia nini?"

Kazi niliiona nyepesi kama pamba. Nikatia alama matangazo sita, nikaielekeza blogu ipange wenye alama kwanza, kisha wengine kwa tarehe, wapya juu, halafu ndipo ikate kumi kumi. Nikatazama ukurasa wa kwanza, sita wako juu, nikajipongeza nikaenda zangu.

Siku ya tatu akanipigia. Nikamkuta amekaa kwenye kiti cha wateja.

"Huyu mzee mwenye mstari wa kofia kwenye paji la uso," akasema, "yuko chini kabisa ya ukurasa wa tatu. Na yuko juu kabisa ya ukurasa wa nne."

"Labda blogu imempenda."

Hakunitazama. "Matangazo ni arobaini na saba. Sura ni arobaini na sita. Toka jana namtafuta mume wangu, nikidhani ni macho yangu. Umemtoa?"

"Sijamgusa, shangazi."

"Basi ameondoka mwenyewe. Ana mazoea."

Nikafungua orodha ya ndani, ile ninayoiona mimi tu: yupo. Ukurasa wa tatu: hayupo. Wa nne: hayupo. Nikarudi wa tatu. Hayupo.

Kosa lilikuwa langu. Matangazo ya zamani, zaidi ya thelathini, shangazi aliyahamisha kutoka kwenye daftari siku moja, kwa hiyo yote yana tarehe moja. Zamani blogu ilifuata namba ya kuingia, na namba hazilingani. Mimi nikaiambia ifuate tarehe. Sasa kila ukibonyeza ukurasa inaupanga mstari upya, na waliolingana tarehe inawasimamisha popote. Ukiomba ukurasa wa tatu, mumewe yuko wa nne. Ukiomba wa nne, amesharudi wa tatu.

"Yaani kila nikiingia chumbani, anahamia cha pili," shangazi akasema.

"Kwa ufupi, ndiyo."

"Hata kwa urefu."

Nikaongeza sharti: tarehe zikilingana, namba ya kuingia iamue. Tukabonyeza pamoja, wa kwanza hadi wa tano. Ukurasa wa nne, wa pili kutoka juu, huyo hapo: shati la mistari, macho mbele.

"Hujambo," shangazi akamwambia.

Kesho yake saa nane mchana simu ikaita. Aliiweka kwenye spika, mikono yake ilikuwa na gundi.

"Mimi ni nesi, kituo cha afya huku njia panda. Juzi tulipokea mwanaume hajui jina lake wala kwao. Nikapitia blogu yenu kurasa zote tano, hakuwemo. Hana jeraha, hana homa, nikamruhusu aende. Leo nafungua kwa ajili ya mgonjwa mwingine, namwona ukurasa wa nne, wa pili kutoka juu."

Nikaangalia sakafu.

"Alikuwa na viatu?" shangazi akauliza.

"Alikuwa navyo, mama."

"Amezeeka sana?"

"Ndiyo maana nimepiga mwenyewe. Hajazeeka. Yuko vilevile kama kwenye picha. Shati ni hilihili."

"Picha hiyo ina miaka sita."

"Nimeona, mama."

Tukafunga studio, tukapanda basi mwendo wa saa mbili. Nesi alituonyesha benchi alilokalia na mlango aliotokea. Tukauliza nyumba kwa nyumba mpaka barabara ikaisha. Hakuna aliyemwona akipita.

Njiani kurudi nikasema, "Nisamehe, shangazi. Siku mbili zile alizokosekana kwenye kurasa ni zangu."

"Ni zako," akasema. "Zibebe."

Asubuhi akafungua tangazo la mumewe mbele yangu. Akabadilisha mahali alipoonekana mara ya mwisho. Akabadilisha tarehe. Kwa tarehe mpya, mtu yule akapanda mpaka ukurasa wa kwanza, chini ya wale sita, bila kupendelewa na yeyote.

Kidole kikasimama kwenye umri.

"Hapa niandike thelathini na tisa, au arobaini na tano?"

Akaitazama picha, kwa ule mtazamo anaowatazamia wateja kabla hajabonyeza kamera. Halafu akaacha thelathini na tisa palepale ilipokuwa, akahifadhi, akaenda kufungua mlango.