Aliyepiga Piano Kwenye Kanda ya Pili

Mtunza kanda wa redio alipenda utaratibu mpaka wenzake wakamwita Bi Taratibu. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, na makasha ya kanda yamepangwa toka sakafuni hadi darini. Kwa miaka ishirini na minane aliingia humo saa mbili kasoro kumi, akavua viatu vya barabarani, akavaa ndara. Ukimrudishia kasha na alama ya kidole juu yake, siku yako imeharibika.

Na mtu huyo huyo, mwaka wake wa kwanza kazini, alifanya kosa la aibu. Kulikuwa na kanda mbili za muziki wa jazi uliopigwa kwa ajili ya filamu moja. Filamu ilionyeshwa majuma mawili, ikasahaulika. Wapigaji wote walijulikana isipokuwa wa piano. Sasa baba yake, Mungu amrehemu, hakukosa harusi, na hakuna harusi aliyoondoka bila kusema, "Ile piano ya kwenye filamu, ni mimi huyu." Basi binti akachukua kalamu ya wino, akaandika jina la baba yake kwenye rejesta. Ushahidi wa nini, na mwenyewe analala chumba cha pili?

Mwaka huu nakala ya filamu ikapatikana. Waliotaka kuionyesha upya wakaandika barua: jina la mpiga piano litatokea mwishoni mwa filamu, tafadhali thibitisheni kabla ya Ijumaa. Bi Taratibu akaisoma mara mbili. Kuthibitisha kwa lipi? Kwa maneno ya harusini?

Kanda za redio zina utepe mweupe karibu na mwanzo. Kila mtunza kanda hufundishwa kwamba muziki unaanzia hapo. Kilicho kabla yake ni takataka za mafundi. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuvuka. Siku hiyo, mfa maji haachi kutapatapa, akairudisha kanda ya pili nyuma kabisa, akavaa hedifoni.

Kwanza vilisikika viti vikiburutwa. Kisha mtoto mchanga akilia kwa hasira. Kisha fundi mitambo: "Dada, tunakusubiri wewe tu. Huyo mtoto mpe baba yake, atoke naye."

Ikafuata sauti ya kiume aliyoijua tangu azaliwe. "Lete huyo. Nyamaza, mwanangu. Mama anapiga piano, akimaliza utanyonya."

Mlango ukafungwa. Muziki ukaanza.

Bi Taratibu alikuwa mtoto wa pekee. Alivua hedifoni, akakaa. Aliona aibu, halafu akakasirika, na hakujua amkasirikie nani, maana mmoja alikuwa kaburini na mwingine alikuwa nyumbani anapiga pasi.

Jioni aliiweka simu juu ya meza, na sauti aliyoinakili ndani yake. Mama yake akasikiliza mpaka mlango ulipofungwa, ndipo akachomoa pasi.

"Nilidhani hiyo waliifuta zamani."

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Baba yako mara ya kwanza alisema kwa utani. Watu wakampongeza. Mara ya pili akazoea, ya tatu akaamini. Nisimame mbele za watu niseme mume wangu mwongo?"

"Hata mimi usiniambie?"

"Wewe ulishaandika kwa wino."

Lilimwingia. Akaitoa ile barua mkobani, akasema, "Kesho nalikata jina la baba. Nikuandike nani? Mtaa mzima wanakuita kwa jina langu."

"Hilo ni la kuitiwa dukani. Andika nililopewa na baba yangu." Akalitaja lote, lake, la baba na la babu, polepole. Binti akaandika pembeni mwa ile barua.

"Na baba yako usimfute moja kwa moja," mama akaongeza. "Mwandike kwamba alishika mtoto."

"Mama, rejesta haina sehemu ya hiyo."

"Itafute. Ulilia wimbo mzima huko nje, na hakugonga mlango hata mara moja."