Salamu ya Muti wa Asali

Kazi yangu ya kwanza hapa duniani ilikuwa kupiga kelele. Kule kijijini kwetu Muheto, mutama wa baba ulipoanza kuiva, ndege walikuwa wanaushukia kama mvua. Baba akanijengea kitanda cha miti katikati ya shamba, nikawa napanda asubuhi na kushuka giza likiingia, na kazi yangu ni kulia tu: "Haaaa! Hooo!" Mwalimu alikuja mara moja kuuliza kwa nini mutoto haonekani darasani. Baba akamujibu, "Mwalimu, utakuja kukaa wewe pale juu?" Mwalimu akakunywa kasiksi yake, ile pombe yetu ya ndizi, akashukuru, akaenda. Njo masomo yangu yaliishia pale, mwaka wa pili. Kusoma kwenyewe nilikuja kujifunza baadaye, kwa maandishi ya mifuko ya chumvi.

Na ile chumvi niliifikia kwa njia ya sauti. Kwa kulia kila siku, bonde zima lilinijua. Muzee mumoja mwenye kuuza chumvi sokoni akamuuliza baba kama ndege wakishamaliza msimu wao anaweza kumukodisha mutoto. Kwa hiyo nikahama kutoka kufukuza ndege, nikawa naita watu. "Chumvi! Chumvi ya kupikia mukwe wako anyamaze!" Watu walikuwa wanacheka, na mwenye kucheka anasimama, na mwenye kusimama, yule muzee alikuwa anamushika mukono, anamwekea punje kidogo kwenye kiganja, anamwambia alambe. Hakuuza kamwe bila kulambisha. Alisema sauti kazi yake ni kuleta miguu tu, ulimi njo unafungua mufuko. Mimi niliona ni ubahili wa maneno. Leo ninamukumbuka sana, na nitawaambia kwa nini.

Pale pale sokoni njo mke wangu alinikuta. Alikuwa amekuja na watu wake kutoka upande wa Walikale, watu wa pori, wanaleta nyama kavu na mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Akasimama mbele yangu, akakunja uso.

"Kaka, unauza chumvi ao unalilia maiti?"

Nikamuoa. Si siku ile, lakini nilimuoa. Nilipokwenda kwao na mbuzi wa mahari, nikitembea porini mpaka viatu vikaniacha, ndugu yake mudogo njo alinipokea na kipande cha sega la asali kwenye jani. Asali nyeusi, inauma kidogo kooni kama moshi. Huyo ndugu njo shemeki ambaye ninataka kuwahadisia. Mengine yote yalikuwa njia ya kumufikia.

Shemeki alikuwa mupandaji wa miti ya asali. Kwao, muti wenye nyuki ni mali ya ukoo, baba anamuonyesha mutoto, na mwingine hagusi. Yeye baba yake alimuachia muti mumoja mukubwa, ule ambao hata watu watano wakishikana mikono hawauzunguki, wenye tundu juu kabisa ambapo nyuki waliingia tangu zamani za babu yake. Alikuwa mukristo, tena wa kuimba kwaya. Lakini mbele ya kupanda alikuwa anaomba kwanza, halafu anausalimia muti. Nilimuuliza siku moja kama Mungu hakasiriki. Akaniambia, "Shemeki, mpaka sasa kati yao hakuna aliyelalamika."

Salamu yenyewe ilikuwa desturi ya baba zake. Mwizi anapanda kimya. Mwenye muti anapaza sauti, anataja yeye ni mutoto wa nani, ametoka wapi, amevuka mito gani, ameshika njia gani mpaka kufika pale, ili nyuki na wale waliomutangulia wajue ni wa nyumbani. Bila salamu ile, hapandi. Hata mvua ikiwa inakuja, hata akiwa mugonjwa.

Basi, vita ilipotufikia, sisi wa Muheto tulikimbilia Lushebere, kwenye kambi, tukajenga vibanda vyetu vya majani na plastiki. Mke wangu alifia pale, kwa ugonjwa wa tumbo, na ninamushukuru Mungu alifia mikononi mwangu, maana wengine hawakupata hata hiyo. Kule porini, nyumba ya shemeki ilichomwa. Hakukimbia kama sisi. Alijenga kibanda kingine, akasema muti ungali umesimama, na mwenye muti hawezi kuuacha peke yake na watu wenye bunduki. Kila baada ya muda alikuwa anatembea mpaka Lushebere na bidoni, dumu la asali, mugongoni, analala kwangu, tunaongea habari za dada yake, halafu anarudi.

Ile asali njo binti yangu alianza kuuza. Yeye aliishi Goma, alikuwa na telefone ya kugusa na akili ya mama yake. Alikuwa anaipiga picha ndani ya chupa, jua likipita katikati, anaiweka pale kwenye telefone mahali ambapo kila mwenye namba yako anaona. Alichapisha karatasi ya kubandika, "Asali ya Pori". Mufanyabiashara mumoja wa kutoka Butembo, mwenye duka hapo kwetu kambini na kamyo ya kwenda Goma, alitubebea zile bidoni. Huyo alikuwa mukatoliki wa kweli: haanzishi kamyo bila kufanya alama ya musalaba, na haanzishi mazungumzo bila kutoa mashauri ya biashara.

Mwanzoni biashara ilitembea. Halafu ikasimama. Huko Goma wengine walikuwa wanachemsha sukari na kuitia rangi, wanaiita asali, wanaiweka kwenye telefone vilevile na jua likipita katikati. Binti akanipigia, mimi nikiwa nimepanda kilima kutafuta rezo, mutandao wa telefone.

"Papa, watu wanaandika kwamba yetu pia ni sukari. Hata yule mama aliyenunua mara ya kwanza anauliza."

"Waambie walambe!"

"Papa, kwenye telefone mutu atalamba nini? Kioo?"

Pale njo nilimukumbuka yule muzee wa chumvi, na mikono yake ya kulambisha.

Shemeki alikuwa kwangu siku ile. Mufanyabiashara naye alikuwa amekuja kuchukua bidoni. Nilipowaambia, shemeki alisimama kama mutu aliyetukaniwa mama.

"Sukari? Mimi? Mimi mwenye kuumwa na nyuki tangu sijaota meno?"

"Kaka, usikasirike," mufanyabiashara akasema. "Ni soko. Mutu wa Goma anataka kuona. Muonyeshe mikono inayokata sega. Muonyeshe muti, muonyeshe unavyopanda. Akishakuona wewe juu kule, hatauliza tena sukari."

"Na nyuki wakimuuma mupiga picha?" nikauliza.

"Apige kutoka chini, Papa. Chini hakuna nyuki, kuna siafu tu."

Tukacheka. Shemeki hakucheka. Alinyoosha mukono akasema, "Mutafute hiyo telefone. Nitawaonyesha." Hakuna aliyemusukuma. Mara nyingi nimejiuliza kama ingekuwa heri mutu amusukume, maana angekataa. Alikuwa mubishi wa kuzaliwa. Lakini heshima yake ilikuwa imeguswa, na yeye mwenyewe njo alitaka.

Binti akatuma telefone ndogo kwa kamyo. Shemeki akajifunza kuishika kwa muda ambao mimi ningejifunza kufungua kifuniko tu. Aliporudi kutoka porini, tulipanda kilima wote wawili, rezo ikakamata, picha ile yenye kutembea ikaenda. Niliitazama kabla haijaenda. Alikuwa amemupa jirani yake aishike. Asubuhi, ukungu, muti ule umesimama kama ukuta wa kanisa. Shemeki anavua kofia, anaomba. Halafu anapaza sauti, anasalimia. Lugha ya mke wangu mimi ninaisikia nusu, na salamu ile nilikuwa naisikia kama mutu anavyosikia wimbo, haulizi maneno. Binti hakuijua kabisa, alizaliwa upande wetu. Yeye aliona ni kitu kizuri tu, sauti ya muzee porini. Halafu anapanda na kamba yake na moshi wake, anashusha masega, anacheka na uso umevimba upande mumoja.

Watu wa Goma walipenda. Ninasema walipenda! Yule mama wa mashaka njo wa kwanza kuomba chupa tena. Binti akaibadilisha karatasi, akaweka uso wa shemeki, na chini "Asali ya Papa". Wateja wakawatumia marafiki zao, marafiki wakatuma mbele, mpaka kuna mutu wa Bukavu alituma salamu kwa muzee wa nyuki. Shemeki alipokuwa Lushebere, kila jioni kabla ya giza alinivuta mpaka kilimani.

"Shemeki, angalia. Mioyo wanayotutumia imeongezeka?"

"Imeongezeka."

"Na huyu anasema nini?"

"Anasema umupandishe na yeye, umufundishe."

"Mwambie alete makalio mepesi."

Alizidi kuvaa kofia safi. Wanawake wenye kuuza viazi kando ya njia walimuita "Papa wa Asali!", naye anainua mukono kama mubunge. Tangu nyumba yake ichomwe sikuwa nimemuona vile. Hii njo inaniuma zaidi, ile furaha. Kama angekuwa na huzuni wakati ule, ningesema huzuni ilifuata huzuni, basi.

Maana picha ya kutembea haina mulango. Ilitoka Goma, ikaenda kila mahali, na kila mahali kuna mutu wa Walikale aliyekimbia. Wale walisikia lugha yao, wakalia kwa kukumbuka nyumbani, wakawatumia ndugu zao waliobaki. Ikarudi mpaka kule ilikotoka. Na kule kulikuwa na vijana wenye bunduki, waliokaa kwenye bariyeri, vile vizuizi vya njiani, wanasikia lugha ile vizuri kama mimi ninavyosikia kelele za ndege. Porini muti ni muti, wangeutafuta mpaka wazeeke. Lakini shemeki alikuwa amewaambia mwenyewe: mto gani, unavuka wapi, kilima gani, jiwe gani linabaki mukono gani.

Hawakujua kupanda. Basi waliukata.

Shemeki alifika kwangu bila bidoni. Alikuwa na kamba yake ya kupandia begani, imekunjwa vizuri. Nilimupa maji, akakunywa, akaniambia kwa maneno machache. Walileta shoka, walikata siku nzima na kesho yake, muti ukaanguka ukaponda mingine. Walichukua asali ya mara moja ile tu, nyuki wakazunguka hewani pale ambapo tundu lilikuwa, hawana pa kuingia. Jirani alimuona mumoja wao akiwa na telefone, anaisikiliza salamu, anaonyesha kwa kidole: huku, sasa huku.

Mufanyabiashara alikuwa kwenye benchi nje ya kibanda changu. Alifanya alama ya musalaba, na mara ile hakutoa shauri.

Simu ya binti ikaingia wakati ule ule. Siku hiyo, kwa bahati mbaya ao nzuri, rezo ilishuka mpaka kambini. Nilimuelezea. Alilia kwanza, alimupenda sana mujomba wake. Halafu akajipangusa, na nilisikia vile anavyorudi kwenye kazi, maana yeye pia alikuwa na watoto wa kulisha kwa zile chupa.

"Mujomba, pole. Pole sana. Wateja wanakupenda, unajua? Useme nao kidogo tu, wajue mambo yalivyokuwa. Halafu miti iko mingi kule, tutapata mwingine. Wewe njo wanakufuata, si muti."

Simlaumu. Alisema kitu cha kweli, kwa upande wake. Wateja mpaka leo wanamuuliza muzee wa nyuki yuko wapi, na ile picha ingali inatembea, kila mwaka kuna mugeni anaiona kwa mara ya kwanza na anatuma moyo.

Shemeki alisikiliza mpaka mwisho, akamuambia, "Asante, mama," kama tunavyowaita mabinti tukiwapenda. Halafu akachukua telefone yake ndogo, akaifungua ile picha, akaiweka sikioni, haangalii, anasikiliza tu. Salamu yote. Ilipofika kwenye jina la babu yake, alifunga macho.

"Nilitaja kila kitu," akasema.

"Na ungepandaje bila kutaja?" nikamuuliza.

"Njo ile, shemeki."

Akaweka telefone kwenye benchi kando ya mufanyabiashara. Akatoa kamba begani, akaiweka juu ya telefone, akaipanga vizuri isianguke. Akasimama, akakunja mikono ya shati. Mimi nilifikiri anaenda kujisaidia. Mimi mwenye sauti iliyofukuza ndege bonde zima, sikuita hata kidogo. Nikabaki nimekaa na kikombe chake cha maji mukononi.

Alishuka katikati ya vibanda, akapita wanawake wa viazi. Wakamuita, "Papa wa Asali! Papa, hata salamu?" Hakuinua mukono. Akaingia njia ya kwenda Kingi, akatembea kwa mwendo wake wa siku zote, akageuka kwenye kona, na hakurudi tena.