Daktari wa Chunusi

Jina hilo alipewa na wateja, na mwanzoni hakulipenda hata kidogo. Alikuwa na jina zuri la marehemu bibi yake, lakini ungefika pale studio ya picha, ghorofani juu ya kibanda cha fundi viatu, ukamuulizia kwa jina la bibi, watu wangekutolea macho. Ukisema Daktari wa Chunusi, fundi viatu mwenyewe angekuonyesha ngazi kwa kidevu, maana mdomo wake siku zote ulikuwa umejaa misumari.

Kazi yake ilikuwa kurekebisha sura. Enzi hizo picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, na filamu ikishatoka kwenye chumba cha giza, ilipita kwanza mezani kwake. Meza yenyewe ilikuwa na kioo kilichoinamishwa, na taa chini yake. Aliibandika filamu juu ya kioo, akainama mpaka pua ikakaribia kuigusa, kisha kwa penseli iliyochongwa kama sindano akazijaza chunusi moja moja mpaka zikatoweka. Mwenye mifuko chini ya macho alipumzishwa. Mwenye tai iliyopinda alinyooshewa. Wateja walirudi kuchukua picha, wakajitazama, wakasema, "Kumbe niko hivi."

Aliingia pale akiwa msichana. Mjomba wake alimleta kupiga picha ya shule, na walipomaliza mjomba akashuka ngazi akiongea, akavuka barabara akiongea, ndipo akagundua yuko peke yake. Alirudi juu akitweta, akamkuta mpwa wake amesimama nyuma ya kiti cha fundi wa zamani wa kurekebisha sura, mzee ambaye macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono.

"Hapo umeacha," msichana alikuwa akimwambia.

"Wapi?"

"Chini ya sikio."

Fundi alimpa penseli. "Haya, malizia wewe tuone."

Akamalizia, na hakutoka tena. Fundi alipostaafu, kiti kikawa chake.

Mwenye studio aliitwa Mzee Tabasamu, na si kwa sababu alitabasamu. Aliwaamuru watu watabasamu huku uso wake umekunjamana kama wa mtu anayeumwa jino. Alikuwa mwoga wa wakubwa na mkali kwa wadogo, lakini picha alizijua, na kila jambo lililotokea mjini lilipita mikononi mwake. Siku ya kuwashwa taa za umeme aliwapiga watu wamesimama chini ya nguzo wamefungua miavuli, kwa sababu mtu alikuwa ameeneza habari kwamba umeme unadondoka. Siku ya kura ya kwanza alipiga foleni mbele ya shule tangu asubuhi mpaka jioni, na Daktari, kwa kuikodolea macho filamu ile, aligundua kwamba koti moja lenye kiraka kwenye kiwiko limevaliwa na wanaume wanne tofauti. Walikuwa wakiazimana ili kila mmoja aingie kupiga kura akiwa nadhifu. Alicheka peke yake mezani, kisha akakirekebisha kila kitu isipokuwa kile kiraka.

Basi ndivyo alivyoijua historia ya mji, kwa sura za watu waliokuwepo.

Siku moja alipanda ngazi mkunga mkuu wa hospitali, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na kovu refu juu ya nyusi ya kushoto. Alikaa, akapigwa picha, akaambiwa arudi kesho kutwa. Badala ya kuondoka alikwenda moja kwa moja mezani kwa Daktari.

"Wewe ndiye unayefuta?"

"Ndiye mimi, mama."

"Hili usiliguse." Aligusa kovu. "Mama mmoja alinirushia kikombe akiwa kwenye uchungu. Na kulenga alijua. Mtoto alitoka salama, sasa ni mwalimu. Liache."

Daktari hakuwahi kuona mteja anayekataa kupendezeshwa. Aliliacha. Hawakuwa marafiki baada ya hapo. Hawakupata hata kunywa chai pamoja. Lakini wodi mpya ya wazazi ilipofunguliwa na Mzee Tabasamu akapanga watu wote mbele ya jengo, waganga na wauguzi na wakubwa wenye miwani, filamu ilipofika mezani Daktari alimtambua papo hapo. Alikuwa katikati kabisa, mkono wake wa kulia ameuweka begani kwa muuguzi kijana aliyesimama kando yake. Kovu lake lilikuwa pale pale. Akalipita.

Miaka ikaenda. Daktari aliolewa na seremala, mtu mpole mwenye vumbi la mbao masikioni, wakazaa, wakahamia nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana. Huko hospitali mambo yakaharibika. Maji yakawa yanakatika wodini, glovu hakuna, na mkunga mkuu akawa anaandika malalamiko yasiyojibiwa. Mwisho aliwatoa wakunga wote nje, wakasimama na ndoo tupu vichwani mbele ya ofisi ya msimamizi wa hospitali mpaka boza la maji likaletwa. Maji yalikuja. Wiki iliyofuata mkunga mkuu alifukuzwa kazi.

Haukupita muda, msimamizi huyo akapanda ngazi za studio. Alikuwa mtu wa suti, mwenye kuongea taratibu kama anayehesabiwa maneno. Hospitali inajiandaa kwa sherehe ya kumbukumbu ya kufunguliwa kwa wodi, alieleza, na anataka ile picha ya ufunguzi ikuzwe, itundikwe ukumbini. Ila kuna kasoro ndogo.

"Kasoro gani, mheshimiwa?" Mzee Tabasamu aliuliza, ameinama nusu.

Msimamizi aliweka kidole juu ya sura ya mkunga. "Huyu atoke."

Mzee Tabasamu aliipeleka picha mezani kwa Daktari kama mtu anayepeleka sahani. "Umesikia. Mtoe, weka hata ua."

Daktari aliitazama picha, kisha akamtazama msimamizi.

"Alikuwepo," alisema.

"Najua alikuwepo," msimamizi akajibu. "Ndiyo maana nimekuja kwa fundi."

"Naweza kukupunguzia kitambi, mheshimiwa. Naweza kumnyooshea yule bwana wa pembeni tai yake, na yule aliyesinzia nikamfumbua macho. Mtu simtoi."

Mzee Tabasamu alikohoa. "Mbona bwana harusi wa mwaka juzi ulimtoa? Ukamwacha bibi harusi na kiti."

"Mwenye picha ndiye aliyeniomba, na meno mawili alikuwa ameng'olewa na huyo bwana harusi. Huyu mama, nani kaomba atolewe?"

"Picha ni ya hospitali," msimamizi alisema.

"Basi hospitali ipange watu wengine, wapigwe picha nyingine."

"Ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Alikuzalisha?"

"Nilizalia nyumbani kwa mama mkwe. Huyu nimemwona kwa macho mara moja tu."

"Sasa wewe inakuuma nini?"

Daktari alifikiri kidogo, maana swali lilikuwa la haki. "Nimekaa na sura hii mchana mzima," akasema. "Penseli yangu haikumgusa alipokuwa anatakiwa, haitamgusa leo amechukiwa."

Msimamizi aliondoka na harufu ya manukato yake. Mzee Tabasamu alisubiri viatu viishe ngazini, kisha akamgeukia. Hospitali ndiyo iliyokuwa ikimletea wafanyakazi wote wapigwe picha za vitambulisho. Ikihama, studio imekwisha. Alimweleza hivyo, kwa ukali kwanza, halafu karibu kwa kubembeleza. Daktari hakubadilika.

"Basi nenda ukapumzike nyumbani mpaka nikuite."

Wote wawili walijua maana yake. Alikusanya penseli zake, wembe na brashi, akazifunga kwenye kitambaa na kushuka.

Mumewe alimsikiliza huku akipiga randa, bila kuisimamisha. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo jioni tunakula msimamo."

"Na chumvi," mke akajibu.

Seremala alicheka mpaka akakaa juu ya benchi. Lakini kesho yake alimtengenezea meza yenye kioo kilichoinamishwa, akaiweka dirishani ili jua liwe badala ya taa, na watu wa mtaani wakaanza kuleta picha zao zilizochanika na zilizopauka. Kazi ilikuwa ya kubangaiza. Kuna jioni Daktari alijiuliza kama alikuwa jasiri au mkaidi tu, akaona havina tofauti kubwa, akalala.

Picha, kwa upande wake, ilimpata mtu wa kuifanyia kazi. Mzee Tabasamu aliikuza, msimamizi akaipeleka kwa mchoraji wa mabango, yule aliyechora kuku kwenye kuta za migahawa. Mchoraji alimfunika mkunga kwa mti mkubwa ndani ya chungu, majani yamejaa vizuri kabisa. Kwa haraka zake hakuangalia pembeni. Siku ya sherehe pazia lilivutwa, na pale ukumbini, mbele ya akina mama wenye watoto mgongoni, ukaonekana mti umemshika muuguzi begani kwa vidole vitano.

Kisha sauti ya mwanamke kutoka nyuma ikauliza taratibu, "Jamani, mti huu umeanza lini kazi hapa?"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Akina mama walicheka wakashikana. Waliokuwa wageni wakauliza ule mkono ni wa nani, na waliojifungulia pale wakawajibu, kila mmoja na kisa chake: huyu ndiye aliyenizalisha mapacha taa zimezimika, huyu ndiye aliyemtoa mume wangu nje kwa ufagio. Kwa mtu aliyetakiwa asahaulike, alitajwa siku ile kuliko wakubwa wote waliohutubia. Kufika kesho yake picha ilikuwa imeshushwa, imebaki misumari ukutani.

Akina mama hao hawakuishia hapo. Walimjia Daktari karakanani, kundi zima, wakitaka picha yenyewe, ile ya kweli. Akawaongoza mpaka studio. Mzee Tabasamu aliposikia vishindo ngazini alidhani wamekuja kumkamata.

"Filamu iko wapi, mzee?" Daktari aliuliza.

"Msimamizi aliniagiza niiteketeze."

"Sikuuliza aliagiza nini."

Mzee aliwatazama wale wanawake waliojaza mlango, akaitazama meza iliyokaa tupu na vumbi lake. Aliingia chumba cha giza, akatoka na kibati cha biskuti. "Nilimwambia nimeshaichoma," alisema akiangalia sakafu. "Mkono ulikataa."

Daktari hakumpongeza wala hakumlaumu. Alifuta vumbi kwenye kiti chake, akakaa. "Safisha picha za kuwatosha wote," alisema. "Na kesho nakuja saa za kawaida."

Hospitali ilihamisha vitambulisho vyake kama Mzee Tabasamu alivyohofia, na kwa miezi kadhaa mambo yalikuwa magumu kweli. Mkunga hakurudishwa kazini. Alikuwa akizalisha majirani nyumbani kwake, na alipopanda ngazi kuchukua nakala yake aliishika kwa urefu wa mkono, macho yameshaanza kuzeeka.

"Nilikuwa nimenenepa hivi?"

"Kidogo, mama."

"Ungenipunguza."

"Ulisema nisikuguse."

"Nilisema kovu," mkunga alijibu, akaitia picha kwapani, akashuka bila kuaga, na Daktari akabaki anacheka.

Mzee Tabasamu alipochoka kabisa alimwachia studio. Jambo la kwanza alilofanya Daktari ni kuiweka ile picha kwenye kabati la kioo mlangoni chini, inapotazama barabara, watu wote wakiwa wamesimama mahali pao. Msimamizi, ambaye sasa alikuwa na cheo kikubwa zaidi, alimtuma dereva aje kusema picha hiyo inaiondolea hospitali heshima.

"Mwambie aje mwenyewe," Daktari alisema. "Nitampiga picha bure, asimame kando yake."

Hakuja. Jua la mchana ndilo lililoisumbua picha ile, likaipausha mpaka sura zikaanza kufifia. Kila ilipopauka, Daktari alitoa filamu kwenye kibati, akasafisha nyingine, akashuka nayo na misumari miwili aliyoazima mdomoni mwa fundi viatu.