Maua Yaliyofungiwa Ndani ya Kompyuta

Mume alipohamia kwa mwanamke wa duka la viatu, alimwachia Glenys Marchetti cherehani ya kutarizi na kompyuta iliyofungwa kwa neno la siri alilolijua mume peke yake. Ndani yake mlikuwa na maua ambayo Glenys aliyachora kwa miaka mingi pale jikoni. Bila michoro hiyo ya kuifuata, cherehani ilikuwa chuma tu. Alipopiga simu kuomba neno la siri, mume alijibu, "Nimelisahau, mpenzi," na nyuma yake mtu akacheka.

Ndiyo maana Jumamosi ile aliibeba kompyuta hadi kwenye klabu ya wapenda kompyuta pale mjini Wollongong, Australia, ingawa aliacha shule mapema na aliogopa kuchekwa.

Hakuna aliyemcheka. Walikuwa wanagombana.

"Mama, tutoe Windows tukuwekee Linux, mfumo wa bure, shida utazisahau," alisema Trevor, mwenye ndevu za kufagia sakafu.

"Na kuchapisha barua atasahau," akadakia Desmond wa meza ya Windows. "Printa yako wewe imekubali lini?"

"Bora printa. Yako inajizima katikati ya kazi, eti inajisasisha!"

"Sisi wa Mac hatuna kelele," akasema Pru, akijimiminia chai.

"Wala hela hamna tena, kompyuta zenu zimezimaliza!" wakamjibu wote wawili kwa pamoja.

Katika vurugu hiyo Trevor alikwisha kuchomeka flashi yake. Kioo kikauliza kama kifute kila kitu. Kidole kikaelekea kwenye kitufe.

Fimbo ikagonga sakafu.

"We Trevor! Kazi yake ameshaisema?"

Wote wakageuka. Huyo alikuwa Bibi Beryl Tranter. Akiwa msichana, ndiye aliyetoboa matundu kwenye kanda za karatasi zilizoipa maagizo kompyuta ya kwanza ya chuo kikuu, enzi ambazo mashine ilijaza chumba kizima na watu waligombea zamu. Hakuna aliyeigusa, awe profesa au karani, kabla hajasimama na kutamka kazi anayotaka ifanyike. Klabu iliishika desturi hiyo kwa heshima yake, Pru alimnong'oneza Glenys. Leo ubishi uliwasahaulisha.

"Simama, mwanangu. Sema."

Glenys akasimama. "Nataka maua yangu. Nimeyachora mimi, yamo humo. Nikiyapata nitakula kwa jasho langu, sitamwomba mtu."

Trevor aliuondoa mkono kama aliyegusa moto. "Ningeyafuta, mama. Nisamehe."

Akaiwasha upya, Linux ikiendeshwa kutoka kwenye flashi na kuisoma tu diski ya ndani, bila kuandika chochote. Lile neno la siri la mume halikuulizwa hata kidogo. Maua yote yalikuwepo.

"Lete huku, kwako hayafunguki," alisema Desmond, mwenye programu ya zamani ya kutarizi. Waratah, ua la mwituni la Australia, likachanua kwenye kioo chake, jekundu.

Tangu aachwe, Glenys hakuwa na wa kumwambia asante. Sasa alimwambia Trevor, akamwambia Desmond, hata Pru aliyempa kitambaa cha kufutia macho. Kisha akapiga magoti mbele ya Beryl.

"Na wewe, bibi, wale wa chuo walikushukuru?"

"Kwenye picha ya waanzilishi wa ile kompyuta nimo, nusu sikio. Bega la profesa limenifunika."

"Basi mimi nakushukuru kwa niaba yao, wasio na haya hao."

Beryl alimshika mkono, asiuachie, huku Trevor na Desmond wakianza upya kubishana ni nani hasa aliyeyaokoa maua.