Kipimo cha Projest na Bangili za Xaveria

Kijijini Nyakakika, ukiuliza nyumbani kwa Projest Tumwesigye, utaulizwa kwanza unamtaka Projest yupi. Ukisema "yule wa kipimo," mtu atacheka kabla ya kukuelekeza. Kipimo chenyewe ni fimbo ndefu yenye sahani chini na kiboksi juu, na kazi yake ni kulia kila sahani ipitapo juu ya chuma, shaba au fedha iliyofukiwa ardhini. Shemeji yake alikwenda nacho machimboni Geita kutafuta dhahabu, akarudi nacho bila dhahabu, akakitupa darini kwa hasira. Projest akakiomba. Alikuwa ameacha ufundi baiskeli pale Omurushaka kwa sababu mgongo ulikuwa umechoka kuinama, na kitu alichokichagua cha kuupumzisha mgongo huo kikawa kazi ya kuinama kutwa.

Dhahabu haitafuti. Hilo amelieleza mpaka mate yamemkauka, na bado wapo wanaoapa kwamba anafuata mali iliyofukiwa na Wajerumani. Mwenyekiti wa kitongoji alipata kumwandama tangu asubuhi mpaka jioni akijifanya anatafuta mbuzi. Siku hiyo Projest alivuna misumari, vizibo vya soda, mbavu za mwavuli na senti moja ya tundu, mojawapo ya zile za zamani zenye pembe za ndovu kulizunguka tundu lake. Akaisugua kwa kidole gumba, akaibusu. Mwenyekiti akaenda zake ameridhika kwamba huyu si mwizi, ni kichaa tu, na kichaa hana kesi.

Lakini mwulize Projest mwenyewe kwa nini akaibusu. Atakwambia senti ile iliwahi kuwa mfukoni mwa mtu, mtu huyo akaipoteza, akaitafuta, akasonya, akafa bila kuiona. Sasa imeonekana. Kwake hiyo ni furaha kamili, kama vile mtu yule naye amepata habari huko aliko. Huomba ruhusa kwa mwenye shamba, huchimba kwa mwiko wa mwashi, na akimaliza hurudisha udongo na matandazo ya nyasi hata usijue kama alipita.

Mkewe Kokuhirwa ni mwanamke wa migomba tangu tumboni mwa mama yake, na hana siri juu ya maoni yake. "Wenzio wakirudi kutoka shambani wanaleta mkungu," humwambia. "Wewe unaniletea kutu." Hata hivyo ni yeye aliyemshonea mfuko wa kubebea kipimo, tena wa kitenge kipya, kwa hiyo maneno yake tuyapokee kwa kipimo chake.

Mwaka jana, wiki ya harusi ya Joyness, simu ya Projest ikalia. Alikuwa Mzee Gosbert wa Nyakatuntu, kule Kyerwa, mume wa Xaveria, shangazi wa Kokuhirwa, na babu wa bibi harusi. Alikuwa akinong'ona.

"Projest, ile mashine yako bado inalia?"

"Inalia, mzee."

"Njoo nayo. Shangazi yenu usimwambie kwamba mimi ndiye niliyekuita."

Projest hakuhitaji kuuliza ni kwa ajili ya nini. Kisa cha bangili za Xaveria ukoo wote unakijua, na kila mtu ana upande wake.

Xaveria aliolewa na bangili za shaba mkononi. Alikuwa amevishwa na bibi yake, naye bibi alivishwa na bibi yake, ndiyo desturi ya nyumba yao: bibi humvisha mjukuu siku ya kuolewa. Hazijapata kununuliwa wala kuuzwa. Vita vya Amini vilipoanza, watu wa mipakani wakafunga mizigo, na Gosbert, kijana aliyeoa juzi, akazitia bangili ndani ya chungu kidogo, akakifukia kwenye shamba la baba yake nyuma ya jiko, chini ya mgomba. Wakakimbia. Vita vikaisha, lakini wao wakawa wamepata kazi kwenye kiwanda cha pamba Mwanza, na miaka ikaenda. Gosbert alirudi mara moja peke yake kumwuguza baba yake. Kutoka huko akarudi Mwanza na redio.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Gosbert alisema redio ameinunua kwa mshahara wake. Xaveria alisema ni vizuri. Lakini walipohamia nyumbani moja kwa moja baada ya baba huyo kufariki, Gosbert akachimba chini ya ule mgomba, akachimba tena, akachimba mpaka wapita njia wakadhani anajenga choo, na hakuna bangili wala kigae cha chungu. Xaveria akaitazama redio, akamtazama mumewe, akaingia ndani kupika.

Hakumfukuza wala hakumtukana. Walizaa, wakasomesha, wakazeeka pamoja. Kitu kimoja tu ndicho alichokikata. Huku mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, matunda yaliyochemshwa kwa majani ya kunukia na kukaushwa juani. Tunda moja lina punje mbili, na watu wawili wakigawana tunda moja wameaminiana. Wazee wa zamani walifanyiana udugu kwa namna hiyo hiyo. Bibi na bwana hawa walikuwa wakigawana tunda kila jioni tangu ndoa yao ikiwa changa. Tangu siku ya shimo lile, Xaveria huweka kijikapu cha kahawa mezani na kusema, "Karibuni," na kila mtu hujichotea kwa mkono wake. Gosbert amejichotea kwa mkono wake mpaka nywele zimekuwa nyeupe.

Na sasa Joyness anaolewa Jumamosi, mkono mtupu.

Projest na Kokuhirwa wakaenda Nyakatuntu na kipimo ndani ya kitenge. Xaveria walimkuta nyuma ya jiko, ameketi juu ya kigoda chake cha siku zote chini ya ukingo wa bati, anamenya ndizi za wageni.

"Shikamoo, shangazi," wakasema.

"Marahaba, wanangu. Karibuni." Kisha akauona mfuko. "Na hicho ni nini, Projest? Mmeniletea mtoto?"

Projest akaanza kutafuta uongo, lakini uongo si fani yake. Gosbert akatokea zizini na kulimaliza jambo mwenyewe. "Ni mimi niliyemwita. Nataka bangili zitafutwe kabla ya Jumamosi."

"Aa," akasema Xaveria, bila kuacha kumenya. "Basi mwambie aanzie ndani, kwenye redio."

Ndugu waliokuja kusaidia shughuli wakacheka. Gosbert hakucheka. Alimshika Projest mkono, akampeleka kwenye mgomba uleule, ulionona kando ya zizi, majani yake yakigusa ua. "Ni huu hapa," akasema. "Baba aliutunza kama ng'ombe. Mingine imekufa kwa mnyauko, huu umebaki." Sauti ikamshuka. "Mwanangu, mimi sijali tena shaba. Nisife mwizi machoni pa mke wangu, basi."

Projest aliposikia hayo akakitoa kipimo ndani ya kitenge. Kwa mara ya kwanza tangu apewe kipimo, aliogopa kukiwasha.

Akakiwasha. Akapima kuuzunguka mgomba taratibu, sahani ikilamba matandazo. Kikalia: kizibo. Kikalia: mfuniko wa kopo la samaki. Kikalia kwa nguvu mpaka Gosbert akavua kofia, na kikatoka kipande cha jembe. Ndugu waliokuwa wameacha kazi kuangalia wakaanza kurudi jikoni mmoja mmoja. Jua likapita utosini, mgongo wa Projest ukaanza kuongea, na shimo likabaki shimo.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akamtania mmoja wao, "lakini wewe, fundi, umeinama mpaka unakaribia kulala."

Kokuhirwa alikuwa ameketi na kisu chake karibu na shangazi yake, naye ndizi mkononi. Alikuwa akimwangalia mumewe anavyojifuta jasho kwa mkono uliojaa udongo, na badala ya kupata neno la kumcheka, akamwonea huruma. Akautazama mgomba. Akautazama tena, kwa jicho la shambani.

"Mzee," akaita, "baba yako alikuwa akiacha chipukizi la upande gani?"

"La upande wa zizi. Alisema mgomba una njaa ya samadi, uuache uifuate."

"Nawe?"

"Nami hivyo hivyo. Tangu nirudi."

Kisu cha Kokuhirwa kikasimama. "Basi mgomba huu haukuanzia hapo ulipo."

Hili, msomaji, si fumbo kwa mtu yeyote wa huku. Mgomba huzaa mkungu mmoja, hukatwa, na nafasi yake hushikwa na chipukizi lililoota ubavuni. Mwenye shamba huchagua la kuacha: mama, binti, mjukuu, wakifuatana upande mmoja. Kila kizazi ni hatua ndogo, lakini hatua ndogo za miaka mingi ni safari. Mgomba hutembea. Mtoto wa mkulima hawezi kuutumia kuwekea alama, kama ambavyo hangemtumia kuku. Lakini Gosbert alizaliwa mbugani kwa wafugaji; baba yake ndiye wa kwanza katika ukoo kushika panga la migomba, na kijana yule aliyefukia chungu alijua alama za wachunga ng'ombe, kichuguu na mti, vitu ambavyo ukiviacha mahali utavikuta mahali.

Gosbert akaugeukia mgomba. Mgomba huo ameutembeza mwenyewe, kwa mikono yake, mwaka baada ya mwaka. Siku alipochimba mara ya kwanza alikuwa bado mgeni wa migomba, na alipokuja kuijua, alikuwa amekwisha kujiaminisha kwamba chungu kiliibiwa. Na Xaveria, ambaye angelijua hilo hata usingizini, hakuwahi kulifikiria, kwa sababu asiyeamini kwamba kitu kipo hakitafuti.

Projest akachukua kipimo. Alisimama zizini, akaupita mgomba, akafuata mstari uleule kurudi nyuma, kuelekea jikoni. Akapita mashina ya zamani yaliyooza. Akapita kamba ya nguo. Mstari ukaishia mbele ya kigoda cha shangazi.

Watu wote wakamgeukia Xaveria, ambaye ndizi zilikuwa zimemjaa mapajani.

"Msinitazame hivyo," akasema.

"Shangazi, nakuomba usimame kidogo."

"Nisimame kwa ajili ya kizibo?"

"Hata kikiwa kizibo, shangazi."

Alisimama, akinung'unika, Kokuhirwa akimpokea beseni. Projest akasogeza kigoda, akashusha sahani. Kipimo hakikukoroma kama kinavyokoroma kwa kutu. Kiliimba sauti moja, nyembamba, safi, na Projest akajua kabla ya kuchimba. Akapiga magoti na mwiko wake.

Ardhi pale ilikuwa ngumu, imeshindiliwa na miguu ya mwanamke mmoja aliyeketi hapo kumenya ndizi tangu arudi kutoka Mwanza. Hakikuwa kina kirefu. Kilianza kutoka kigae cha chungu, kisha kingine, na chini yake duara la shaba lililoota kutu ya kijani, na jingine limelalia juu yake. Projest hakuzishika. Alirudi nyuma kwa magoti, akamwachia Gosbert nafasi.

Gosbert akapiga magoti, akazitoa, akazipangusa kwa shati lake la kanisani. Akamnyooshea mkewe mikono yote miwili, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila aibu mbele ya ndugu, wakwe na mbuzi.

"Xaveria," akasema, "ni hizi."

Xaveria alizipokea. Akazigeuza, akatafuta kwa ukucha mikwaruzo aliyoijua tangu utoto, mkononi mwa bibi yake, akaiona. Akageuka nazo, akaingia ndani. Kokuhirwa akamwangalia Projest aliyekuwa bado amepiga magoti, kijasho kikimchuruzika, amejaa udongo mpaka kwenye nyusi. "Leo umeleta shaba," akamwambia kwa sauti ndogo. "Nimekubali."

Xaveria akatoka na kile kijikapu. Hakukiweka mezani wala hakusema karibuni. Alimwendea mumewe pale chini alipokuwa, akajishusha kwa taabu ya magoti yake mabovu mpaka wakalingana, akachagua tunda moja la kahawa. Akalitia kati ya meno, akalipasua. Punje moja akabaki nayo kinywani. Nyingine akaitia mwenyewe katika kiganja cha Gosbert, akakifumba kiganja hicho kwa vidole vyake.

"Nimekaa juu yake miaka yote hii," akasema. "Nisamehe, baba."

Gosbert akaitia punje kinywani, na wakatafuna pamoja, polepole, maana meno ya wote wawili si yale ya zamani.